Mama ana presha na amejifungua jana: atumie njia gani ya uzazi wa mpango?

Hotuba kwa wakunga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi waliojumuika nao. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Wakunga wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mama zangu na dada zangu mliokuja na watoto migongoni, na nyinyi baba zangu mliowasindikiza wake zenu mkaamua kuingia ndani badala ya kungoja chini ya mwembe: asanteni kwa kuja. Wakubwa wote, shikamooni.

Nianze na mkoba wa mama anayekuja kliniki. Ndani yake mna kadi mbili. Moja ni ya ugonjwa wake wa siku zote, presha, kisukari, kifafa au moyo. Imekunjwa mpaka imechanika katikati, na imebandikwa plasta. Ya pili ni kadi ya wajawazito, bado mpya. Ya kwanza inasomwa Jumanne katika chumba kimoja, ya pili inasomwa Alhamisi katika chumba kingine. Je, nani anazisoma zote mbili kwa pamoja? Tabibu wa presha anaandika enalapril, dawa ya kushusha presha, na hamuulizi mama kama anatarajia kuzaa tena. Mkunga anamuuliza atatumia njia gani ya uzazi wa mpango, wala haoni dawa anazomeza. Hapo katikati, kati ya chumba na chumba, mama anashika mimba ambayo hakuipanga, mwili wake haujapona ile ya kwanza.

Kuna maneno tunayasikia kila siku: "Mimi ni mgonjwa, njia hizi hazinifai." Hapana, ndugu zangu. Ugonjwa haukuzuii uzazi wa mpango. Ugonjwa unazuia baadhi ya njia, tena mara nyingi kwa muda tu. Na kwa mama mwenye ugonjwa wa kudumu, mimba isiyopangwa ni hatari kuliko karibu njia yoyote tutakayoitaja hapa leo.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaoilinganisha kila njia na kila hali ya kiafya. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1996, na toleo lake la tano likatoka 2015. Unatumia madaraja manne. La 1, tumia. La 2, tumia, faida inazidi hatari. La 3, hatari kwa kawaida inazidi faida, usitumie ila pakikosekana njia nyingine inayofaa na mtaalamu akawa anakufuatilia. La 4, usitumie kabisa. Nitayataja madaraja haya mara kwa mara, yashikeni.

Na visa nitakavyosimulia si vya mtu mmoja ambaye mnaweza kwenda kumtafuta mtaani. Vimeunganishwa kutokana na mambo yanayotokea katika wodi za wazazi, ili siri ya mgonjwa yeyote isitoke.

Jambo la kwanza ni kuhesabu siku. Kabla hujataja kidonge wala sindano, uliza: leo ni siku ya ngapi tangu ajifungue?

Kwa nini siku? Kwa sababu tangu ujauzito damu ya mama huganda kwa urahisi, ndivyo mwili unavyojikinga asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua. Hatari ya damu kuganda mguuni, kisha bonge likasafiri hadi kwenye mapafu, huwa kubwa zaidi wiki 3 za mwanzo baada ya kujifungua. Hushuka taratibu, na kufikia siku ya 42 inakuwa imekaribia kurudi kawaida. Sasa vidonge vya majira vyenye vichocheo viwili, yaani homoni mbili, vina estrojeni, na estrojeni nayo huongeza kuganda kwa damu. Ukimpa mzazi wa wiki ya pili umeongeza kuni kwenye moto unaowaka.

Ndiyo maana kwa mama anayenyonyesha, vidonge hivyo ni daraja la 4 kabla ya wiki 6, na daraja la 3 kuanzia hapo hadi mtoto afike miezi 6. Asiyenyonyesha asivitumie siku 21 za mwanzo. Kati ya siku ya 21 na ya 42 anaweza, ikiwa hana kitu kingine cha kumgandisha damu. Vitu hivyo ni vipi? Dalili za awali za kifafa cha mimba. Upasuaji wa kujifungua. Kutokwa damu nyingi. Kuongezewa damu. Unene uliopitiliza. Kulala kitandani muda mrefu. Sigara. Kuwahi kuganda damu siku za nyuma. Katika orodha hiyo, ni mama wangapi wenye magonjwa ya kudumu mnaowafahamu wasioguswa na hata kimoja?

Mama mmoja alijifungua kwa upasuaji kabla ya siku zake, presha ilikuwa imepanda. Mtoto alikuwa njiti, maziwa ya mama yakakauka. Siku ya kutoka wodini akaambiwa, "Njoo baada ya wiki sita tuzungumze uzazi wa mpango." Alikuja wiki ya tisa, nauli ilikuwa imemkwamisha. Kipimo kikaonyesha mimba. Akasema, "Lakini sijaona siku zangu hata mara moja!" Alisema kweli. Kwa mama asiyenyonyesha, yai linaweza kutoka karibu na siku ya 25. Yai hutangulia, damu hufuata. Anayengoja hedhi ndipo ajikinge anangoja gari lililokwisha kupita.

Kunyonyesha kunakinga, ndiyo, kwa masharti matatu yaliyo pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hajatimiza miezi 6. Likivunjika moja, kinga imevunjika.

Mama yule angepewa nini kabla hajatoka wodini? Angeweza kuwekewa kitanzi cha shaba, lupu kama wengi mnavyokiita. Wakati wake mzuri ni ndani ya dakika 10 baada ya kondo la nyuma kutoka, au wakati wa upasuaji kabla mfuko wa uzazi haujashonwa. Mlango unabaki wazi hadi saa 48. Zikipita hizo, subirini hadi wiki ya 4, kwa sababu hapo katikati mfuko unajikunja na ni rahisi kitanzi kutoka au kutoboa. Mama mwenye maambukizi ya kizazi, mwenye homa na uchafu unaonuka, asiwekewe kabisa mpaka apone. Na mwambieni ukweli mapema: kitanzi kinachowekwa siku za mwanzo hutoka chenyewe mara nyingi zaidi kuliko kinachowekwa baadaye. Akihisi kitu kigumu ukeni, au nyuzi zikirefuka ghafla au zikapotea, arudi siku hiyo hiyo. Kikikaa vizuri, kinamlinda miaka 10 na zaidi, na hakina kichocheo hata chembe.

Au angewekewa vijiti, vile vyenye kichocheo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Humu wamo wakunga waliofundishwa zamani kwamba kwa anayenyonyesha kijiti kisubiri wiki 6. Wakati ule ilikuwa daraja la 3. Mwaka 2015 likawa daraja la 2, na vidonge vya kichocheo kimoja, visivyo na estrojeni, vivyo hivyo. Mama anaweza kutoka wodini kijiti kikiwa tayari mkononi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo iliyobaki daraja la 3 kabla ya wiki 6 kwa anayenyonyesha.

Nije kwenye presha, na hapa nitakaa kidogo.

Mama wa watoto watatu alipata kifafa cha mimba. Akatibiwa, akapona, akaruhusiwa siku ya nne. Nyumbani jirani yake, mtu aliyemchotea maji na kumfulia nepi, akamwambia, "Chukua hivi vya majira, mimi nimetumia miaka mitano havijanifanya kitu." Pakiti ilipoisha akanunua nyingine duka la dawa. Wiki ya saba, asubuhi, anakunywa uji, kikombe kikamponyoka. Akajaribu kukiokota, mkono wa kulia haukufuata. Alipopelekwa hospitali presha yake ilikuwa juu ya 180. Kiharusi.

Nani alikosea? Jirani alimpenda mwenzake. Duka liliuza bila kupima. Lakini hata sisi tulimruhusu siku ya nne, wakati presha ya mzazi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, na hatukumwambia neno moja: vidonge vyenye estrojeni si vyako sasa.

Yashikeni haya. Presha ya 140 hadi 159 kwa juu, au 90 hadi 99 kwa chini: vidonge vya vichocheo viwili ni daraja la 3, hata kama presha imetulizwa kwa dawa. Ikifika 160 kwa juu au 100 kwa chini ni daraja la 4. Sindano kwenye presha ya kwanza ni daraja la 2, ila kwenye hii ya pili inakuwa la 3. Kwa nini sindano na si kijiti? Dawa ya sindano ni nyingi kwa mkupuo mmoja na inabadilisha mafuta ya damu, tena ikishaingia haitoki, utangoja miezi mitatu. Kijiti mama akipata shida unakitoa siku hiyo. Kijiti na vidonge vya kichocheo kimoja ni daraja la 1, na presha ikiwa kali ni la 2. Kitanzi cha shaba ni daraja la 1 presha iwe ya namna gani.

Na aliyepata presha ya ujauzito, kisha ikarudi kawaida kabisa? Huyo, siku za hatari baada ya kujifungua zikishapita, vidonge vya vichocheo viwili kwake ni daraja la 2. Mlango haujafungwa maisha. Sharti ni presha iwe imepimwa, isiwe ya kukisia.

Kupima nako kuna makosa tunayoyafanya kila siku. Mama ametoka kwenye bodaboda, amebeba mtoto, amepanga foleni amesimama, tunamfunga mkanda huku anajibu maswali. Hiyo ni presha ya bodaboda. Mkalisheni dakika 5. Kwanza akojoe. Mgongo uegemee, nyayo ziguse sakafu, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, asiongee. Mkanda uvae ngozi, usivae mkono wa gauni. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli, na mama atanyimwa njia bure. Ikisoma juu, pimeni tena baada ya muda. Ikifika 160 kwa juu au 110 kwa chini kwa mzazi, hapo mazungumzo ya uzazi wa mpango yanaahirishwa, huyo ni wa dharura.

Kitu kimoja zaidi. Enalapril na captopril zinakubalika kwa anayenyonyesha. Zikikutana na mimba zinaharibu figo za mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo anayemwandikia mzazi enalapril aandike na njia ya uzazi wa mpango kwenye mstari unaofuata. Mstari unaofuata, si kadi nyingine.

Moyo nao. Upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaompata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua. Moyo unalegea na kupanuka. Mama hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta. Anakohoa usiku, miguu imevimba, akitoka kisimani anatweta. Mama mkwe anasema ni uchovu wa uzazi. Wengine wanasema amerogwa. Siku wanayomfikisha hospitali, picha ya moyo inaonyesha unasukuma kidogo kuliko inavyotakiwa.

Mmoja wao alitibiwa, akapata nafuu, mwaka ukapita akawa anafanya biashara yake ya samaki. Alipona kwa macho ya watu. Hakuna aliyemrudisha kwenye picha ya moyo, wala aliyemwambia kwamba mimba inayofuata inaweza kuurudisha ugonjwa. Akashika mimba. Mwezi wa saba akarudi pale pale, safari hii vibaya zaidi.

Mama ambaye moyo wake haujarudi kawaida anashauriwa asishike mimba tena. Aliyerudi kawaida naye bado ana hatari, aonane na daktari wa moyo kwanza. Vidonge vyenye estrojeni viwe mbali naye. Kijiti kinamfaa. Kitanzi kinamfaa pia, ila kiwekwe hospitali kwa mwenye moyo dhaifu, kwa sababu mlango wa kizazi ukishikwa, mapigo yanaweza kushuka ghafla. Aliyewekewa vali ya chuma anakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo inaweza kumlemaza mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Kitanzi cha shaba kinaweza kumwongezea damu ya hedhi, kwa hiyo kijiti au kitanzi chenye kichocheo kinampa nafuu zaidi.

Na hapa nawageukia nyinyi baba zangu. Mkiwa mmetosheka na watoto, mara nyingi wazo linalokuja ni mama afungwe kizazi. Mama mwenye moyo mbovu, apewe dawa ya usingizi, afunguliwe tumbo? Kufunga mirija ya mwanaume ni kazi ndogo, inafanywa kwa ganzi tu na mtu anarudi nyumbani siku hiyo. Nguvu za kiume haziguswi. Ila tumieni kondomu miezi 3 baada yake, kwa sababu mbegu zilizokwisha kupita bado zimo njiani. Wanaosahau miezi hiyo mitatu ndio wanaozua ugomvi wa "mimba hii ya nani?"

Jambo lililobaki la uzito ni dawa zinazopigana na dawa. Mama ana kifafa, na siku hizi anameza carbamazepine. Amewekewa kijiti baada ya mtoto wa pili, amekaa kwa amani. Mwaka wa pili ana mimba, kijiti kipo mkononi, unakigusa kwa kidole. Mume anasema kijiti ni feki. Kijiti ni kizima. Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital, zote dawa za kifafa, zinalifanya ini lichome vichocheo haraka, kinachobaki hakitoshi. Vidonge vya majira, vya vichocheo viwili na vya kimoja, ni daraja la 3 kwa dawa hizi. Kijiti kimewekwa daraja la 2, ila wataalamu wa Uingereza hawakishauri kabisa, na mimi naona wako sahihi pale ambapo kitanzi au sindano vinapatikana. Sindano ni daraja la 1, kitanzi daraja la 1. Hata akiacha dawa hizo, ini huchukua kama siku 28 kutulia.

Rifampicin ya kifua kikuu inafanya vivyo hivyo. Efavirenz ya VVU nayo iliwashushia kinga wanawake wenye vijiti, jambo lililoonekana wazi magharibi mwa Kenya. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina tabia hiyo. Sodium valproate, dawa nyingine ya kifafa, haigombani na vichocheo, lakini ni mbaya zaidi kwa mtoto: karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua kwa akili na kujifunza. Msichana mwenye kifafa anayetumia valproate bila njia ya uhakika, hilo ni jambo la kushughulikia leo, si kliniki ijayo. Asiache dawa mwenyewe, degedege nalo linaua. Aende abadilishiwe.

Kisukari kwa kifupi: kama kilikuwa cha mimba tu, njia zote ni daraja la 1, ila sukari ipimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12. Kisukari cha kudumu ambacho hakijagusa macho, figo wala mishipa, vichocheo ni daraja la 2. Kikishagusa, vidonge vya estrojeni na sindano viachwe, na kitanzi cha shaba kinabaki daraja la 1. Mwenye selimundu anafaa kijiti na sindano, zote daraja la 1, na sindano imeonekana kupunguza maumivu ya mifupa. Kitanzi cha shaba kwake ni daraja la 2 kwa sababu ya damu, naye damu yake ni ya kuhesabu.

Wakunga, naomba msimuulize mama habari hizi akiwa na uchungu. Kichwa kinagonga mto, amekushika mkono, unamuuliza kufunga kizazi? Atasema ndiyo ili maumivu yaishe. Muulizeni kuanzia wiki ya 28, amekaa, na mumewe yupo ikiwa mama mwenyewe ametaka awepo. Anayekataa asisukumwe, wala asinyimwe huduma yake ya presha. Mwambieni aje na dawa zake zote ndani ya mkoba, zenye makopo na zisizo na makopo, zimwagwe mezani msome majina. Kisha mbele ya kadi ya wajawazito, juu kabisa, andikeni vitu vinne kwa kalamu inayosomeka: ugonjwa, dawa, presha ya leo, na njia aliyoichagua. Anayempokea usiku wodini asilazimike kutafuta kadi ya pili.

Chai iko tayari, naiona. Kabla ya chai, mezani pale mlangoni pana mashine mbili za presha na mikanda ya saizi tatu. Kila mama aliyejifungua ndani ya miezi 6 akae kwenye viti vile vya kuegemea, dakika 5, ampe mtu mwingine mtoto. Kwanza mkunga mmoja apime, halafu mwenzake ampime tena mama yuleyule bila kuambiwa ya kwanza ilisoma ngapi. Mkitofautiana, niiteni.